Je, Maziwa Yamfaa Kasuku?

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili kila mwanafunzi alisome tena polepole, peke yake au pamoja na wenziwe.)

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake, daftari mbele yake na kalamu mkononi. Mwenye miwani na aivae. Mwenye mtoto mgongoni na ambembeleze kidogo, tuanze.

Somo la leo linamhusu ndege anayefugwa majumbani, yaani kasuku. Tutauliza swali moja tu, na kabla hatujaagana tutalijibu. Swali ni hili: Je, ni salama kumpa kasuku maziwa, au vitu vilivyotengenezwa kwa maziwa, kama vile mtindi, jibini, siagi na samli?

Pengine utasema, "Swali gani hilo? Maziwa ni chakula bora. Mtoto hupewa maziwa, mgonjwa hupewa maziwa, mzee hupewa maziwa. Yatamdhuru vipi ndege?" Hivyo ndivyo wafugaji wengi wanavyofikiri, na kwa sababu hiyo wengine huwadhuru kasuku wao bila kujua.

Hebu fikiri mambo yanavyokwenda. Asubuhi watu wa nyumbani wanakunywa chai ya maziwa. Kasuku anapiga kelele tunduni, naye anataka. Mtoto anachovya kipande cha mkate katika chai, anampa. Kasuku anakula, anafurahi, anasema "Asante!" Watu wote wanacheka. Kesho anapewa tena, na kesho kutwa. Baada ya siku chache kinyesi cha kasuku kimekuwa maji matupu. Manyoya yamemsimama. Hasemi tena. Huyu anasema ni baridi, yule anasema ni jicho la watu. Hakuna anayeukumbuka ule mkate.

KASUKU NI NDEGE WA NAMNA GANI?

Kasuku wako wa aina nyingi. Leo tutamsema hasa yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa kuwa ndiye hodari wa kusema, na ni ndege wa Afrika. Kwao ni katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Yuko Kongo, yuko Uganda, na huku kwetu mashariki zamani alionekana mpaka msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya.

Uzito wake ni gramu 400 hivi, au 500 akiwa mkubwa. Akitunzwa vema anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto anayemlisha leo anaweza kuwa na wajukuu, na kasuku yu hai bado. Lakini wengi wa wale wanaofungiwa hawafiki umri huo, na chakula kibaya ni moja ya sababu kubwa.

Msituni kasuku hula matunda, mbegu, kokwa, na hasa tunda la mchikichi. Hakuna ng'ombe wa kukamuliwa juu ya miti. Kasuku hawanyonyeshi makinda yao. Mama na baba hula chakula, kisha hukitoa tena mdomoni na kuwalisha. Basi tangu anapotoka katika yai mpaka siku ya kufa kwake, kasuku wa msituni haonji maziwa hata tone moja.

SUKARI ILIYOMO NDANI YA MAZIWA

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Ndani ya maziwa mna sukari ya namna yake. Jina lake ni laktosi. Si sukari tunayotia katika chai, ila ni sukari ya maziwa yenyewe. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu gramu 50 za laktosi.

Laktosi ni sukari mbili zilizoungana pamoja. Zikiwa zimeungana hivyo, haziwezi kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Ni lazima kwanza zikatwe zitengane. Kinachozikata ni kitu kinachotengenezwa na utumbo wenyewe, nacho huitwa laktesi. Kifikirie kama kisu. Mwenye kisu hiki huikata laktosi vipande viwili, na mwili huitumia. Asiye na kisu, laktosi humpita ikiwa nzima.

Na ikipita nzima hufanya nini? Hufanya mambo mawili. Kwanza, huvuta maji kutoka mwilini na kuyaleta ndani ya utumbo, na kinyesi huwa maji. Pili, vijidudu vilivyomo utumboni huishambulia sukari ile na kuichachua, na tumbo hujaa hewa.

Karibu wanyama wote wanaonyonyesha huzaliwa na kisu hiki, kwa sababu chakula chao cha kwanza ni maziwa. Mtoto wa mtu anacho, ndama anacho, mwana-mbuzi anacho. Baada ya kuachishwa ziwa, wengi hupungukiwa nacho. Hata sisi wanadamu, watu wazima wengi duniani hawanacho cha kutosha, ndiyo maana wengine wakinywa maziwa mabichi tumbo huwasokota.

Lakini kuna watu ambao kisu chao hakipotei. Mwaka 2007, mtaalamu wa Marekani aitwaye Sarah Tishkoff pamoja na wenzake walitoa habari za uchunguzi walioufanya kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba wengi katika makabila ya wafugaji wamerithi mabadiliko mwilini yanayowawezesha kunywa maziwa hata ukubwani. Mababu zao waliishi na ng'ombe kwa vizazi vingi, na miili ikafuata.

Je, ndege? Ndege hakunyonya, baba yake hakunyonya, wala babu yake hakunyonya. Utumbo wake hauna kisu hicho cha kutosha kukatia laktosi. Kwa hiyo maziwa kwake si kama sumu ya panya, ya kumwua hapo hapo. Ni chakula ambacho tumbo lake halina namna ya kukitumia. Tone moja halitamwua kasuku mzima. Lakini maziwa ya kila siku humharisha, kuharisha humkausha maji ya mwili, na mwili wa gramu 400 hauna akiba kubwa ya maji.

HESABU NDOGO

Chukueni kalamu. Tufanye hesabu.

Mtu mzima wa kilo 60 ana gramu 60,000. Kasuku ana gramu 400. Gawanya 60,000 kwa 400. Umepata ngapi? Jibu ni 150. Basi mtu huyo ni sawa na kasuku 150 kwa uzito.

Sasa, kijiko kidogo cha chai huchukua mililita 5 za maziwa. Zidisha 5 kwa 150. Jibu ni 750. Yaani kijiko kimoja kwa kasuku, ukilinganisha na uzito wake, ni kama robo tatu ya lita kwa mtu mzima.

Waswahili husema, haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha kasuku ni kidogo mno, nacho hujaa upesi. Kila mara unapompa kitu, usiseme, "Ni kidogo tu." Zidisha kwanza kwa 150.

VITU VYA MAZIWA, KIMOJA KIMOJA

Vitu vya maziwa havifanani. Tuvitazame kila kimoja.

Maziwa ya kunywa. Yakiwa mabichi au yamechemshwa, laktosi imo ile ile. Moto huua vijidudu, lakini hauiondoi sukari hiyo. Usimpe.

Maziwa ya unga. Maji yametolewa, laktosi imebaki. Zaidi ya theluthi ya uzito wa unga huo ni laktosi. Usimpe.

Maziwa mazito ya kopo na aiskrimu. Hapa pana laktosi, na juu yake imeongezwa sukari nyingine nyingi. Usimpe.

Chai ya maziwa. Hii ina makosa mawili. Mna maziwa, tena mna majani ya chai, ambayo yana kafeini. Kafeini huupiga mbio moyo wa ndege. Usimpe, wala usimpe mkate uliochovywa humo. Mkate ulioloweshwa ukibaki katika tundu wakati wa joto huchacha upesi, na hilo ni kosa la tatu.

Mtindi. Maziwa yanapoganda, vijidudu vya kugandisha hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa ukali. Ndiyo sababu mtindi ni mkali. Lakini hawaimalizi, sehemu kubwa hubaki. Kasuku mzima akilamba kidogo ncha ya kijiko, yaelekea hatadhurika. Lakini mtindi wenye sukari na rangi haumfai kabisa.

Jibini ngumu. Wakati wa kutengeneza jibini, maziwa hugandishwa, kisha maji yake humwagwa. Laktosi nyingi huondoka pamoja na maji hayo. Inayobaki huliwa na vijidudu wakati jibini inapokaa miezi ikikomaa. Kwa hiyo jibini ngumu iliyokomaa ina laktosi kidogo sana. Je, basi ni salama? Ngoja kwanza. Imebaki chumvi na mafuta. Gramu 100 za jibini ya namna hiyo zaweza kuwa na karibu gramu 2 za chumvi, na karibu theluthi ya uzito wake ni mafuta. Chumvi nyingi humtesa ndege kwa kiu na kumharibu figo. Mfugaji akitaka sana kumfurahisha kasuku mzima, kipande kisizidi punje moja ya hindi, na kiwe cha siku moja moja, si cha kila siku.

Jibini laini na nyeupe. Hii haikukomaa, na laktosi imebaki zaidi kuliko katika ile ngumu. Afadhali kuiacha.

Siagi na samli. Laktosi karibu haimo, lakini ni mafuta matupu. Kasuku wa tunduni haruki maili nyingi kama mwenziwe wa msituni. Mafuta hukusanyika katika ini lake na katika mishipa ya damu. Kasuku wa kijivu ni mwepesi wa kupata ugonjwa wa mishipa hiyo. Usimpe.

Na kinda, au kasuku mgonjwa, asipewe kitu chochote cha maziwa, hata ile punje ya jibini.

LAKINI NJIWA JE?

Najua yuko mwanafunzi mmoja amekwisha inua mkono. Anasema, "Mwalimu, mimi nafuga njiwa. Nimesikia njiwa huwapa makinda yake maziwa."

Umesema kweli, na kuuliza si ujinga. Njiwa dume na jike hutoa kitu cheupe kizito katika mfuko wa chakula ulio shingoni, wakawalisha makinda. Heroe nao, wale ndege warefu wa rangi ya waridi wanaozaa katika Ziwa Natron, hufanya vivyo hivyo. Watu hukiita kitu hicho maziwa kwa sababu kinafanana nayo. Lakini ndani yake mna mafuta na vyakula vya kujenga mwili, laktosi hamna. Jina ni moja, kitu ni mbali mbali.

KASUKU ANAHITAJI NINI, BASI?

Wengine humpa kasuku maziwa kwa sababu njema. Wamesikia kwamba kasuku wa kijivu hupungukiwa na kalsiamu, yaani yale madini yanayojenga mifupa. Jambo hilo ni kweli, tena ni la hatari. Kasuku anayelishwa mbegu za alizeti na karanga peke yake hupungukiwa na kalsiamu katika damu. Hutetemeka, huanguka kutoka kijiti chake, na mwisho hupatwa na degedege. Haja ni ya kweli, ila maziwa siyo njia ya kuitimiza. Njia nzuri zipo, nazo ni rahisi.

Kwanza, mpe majani mabichi ya sukuma wiki, yaliyooshwa vizuri.

Pili, chukua ganda la yai, lichemshe, likaushe, lisage, unyunyize kidogo juu ya chakula chake.

Tatu, ukikaa pwani, okota lile gamba jeupe jepesi la ngisi linalotupwa ufukoni. Liloweshe katika maji baridi yasiyo ya chumvi, ukibadili maji mara kwa mara, kisha lianike juani likauke kabisa. Lifunge katika tundu, naye atalitafuna mwenyewe.

Nne, mtoe nje apate jua la asubuhi, huku sehemu ya tundu ikiwa kivulini ili akisikia joto ajisogeze. Jua huufanya mwili utengeneze vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu haitumiki. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halitoshi, kwa maana kioo huzuia ule mwanga unaofanya kazi hiyo.

Kwa kumfurahisha, mpe kipande cha papai, embe, karoti au boga. Karanga ziwe chache, na ziwe safi. Zenye ukungu zina sumukuvu, nayo huua ini.

VITU VYA KUOGOPA KULIKO MAZIWA

Nimesema maziwa si sumu. Lakini viko vitu katika jiko lako ambavyo kwa kasuku ni sumu kweli. Andikeni haya, mkayabandike karibu na tundu:

1. Parachichi. Usimpe hata kidogo. Lina kitu kinachodhuru moyo wa ndege, naye aweza kufa kwa siku moja au mbili.
2. Chokoleti.
3. Kahawa na chai.
4. Pombe ya namna yoyote.
5. Vitu vya chumvi nyingi, kama viazi vya pakiti.

AKIWA AMEKWISHA KULA MAZIWA

Kama kasuku wako amekwisha pewa maziwa, usifadhaike. Acha kumpa. Mwekee maji safi. Kisha tazama kinyesi chake. Kinyesi cha kasuku mzima kina sehemu tatu: sehemu ngumu kidogo ya kijani au kahawia, sehemu nyeupe, na maji kidogo. Sehemu ngumu ikipotea na kuwa maji, hapo anaharisha.

Ndege huficha ugonjwa wake. Msituni, ndege anayeonyesha udhaifu huliwa. Kwa hiyo ukimwona amejikunyata, manyoya yamesimama, amekaa chini ya tundu, au mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, ujue ugonjwa si wa leo. Mweke mahali pa joto, pasipo upepo, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mweleze yote aliyokula, hata kama unaona haya. Daktari hawezi kutibu jambo alilofichwa.

Na usiseme, "Akifa nitanunua mwingine." Kasuku wa kijivu wamepungua sana misituni kwa kukamatwa na kuuzwa, na kwa miti kukatwa. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg na kukubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini. Sheria za nchi nazo zinataka kibali cha kumfuga. Uliza katika ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe. Uliye naye leo mtunze, ili msitu usipoteze mwingine kwa ajili ya kipande cha mkate.

JIBU LA SWALI LETU

Sasa tujibu. Maziwa, ya maji au ya unga, hayamfai kasuku, kwa sababu hana kisu cha kukatia laktosi. Siagi na samli hazimfai kwa ajili ya mafuta. Mtindi kidogo na punje ya jibini ngumu havitamdhuru kasuku mzima akipewa mara moja moja, lakini hana haja navyo. Kalsiamu ataipata katika majani, ganda la yai na jua.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Sukari ya maziwa inaitwaje?
2. Kwa nini ndege hana kisu cha kuikata?
3. Kasuku wa gramu 500 ni mara ngapi chini ya mtu wa kilo 60?
4. Kwa nini jibini ngumu ina laktosi kidogo kuliko maziwa?
5. Taja njia mbili za kumpa kasuku kalsiamu.
6. Taja tunda moja ambalo ni sumu kwa kasuku.

Kazi ya nyumbani ni hii. Mwenye kasuku, au mwenye jirani mwenye kasuku, aandike vyakula vyote alivyopewa ndege huyo kwa siku tatu. Kisha apige mstari chini ya kila kisichomfaa, na aandike sababu yake kwa sentensi moja.

Neno la mwisho. Mtu anayekariri maneno bila kuelewa husemwa kwamba anasoma kikasuku. Ninyi msisome somo hili kikasuku. Mkirudi nyumbani mwelezeni yule mtoto mwenye kipande cha mkate kwa nini asimpe ndege, si kumwambia "Acha!" tu. Akielewa sababu, atakumbuka hata siku msiyokuwapo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.